Wamegombana, Basi ni Mke na Mume

Mmeuliza wiki hii: filamu gani ya zamani ingali inakuchekesha, na kwa nini? Yangu ni It Happened One Night ya mwongozaji Frank Capra, ya mwaka 1934. Nikibanwa nitaje kipande kimoja, basi ni ule ugomvi wa asubuhi.

Claudette Colbert ni binti wa tajiri. Kamtoroka baba yake kwa kujitosa majini kutoka kwenye mashua ya kifahari, sasa anakwenda New York kwa basi. Clark Gable ni mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Anamsaidia kwa sababu anaitaka habari yake, si kwa wema. Wamelala chumba kimoja, blanketi limetundikwa kwenye kamba katikati ya vitanda. Gable analiita kuta za Yeriko, zile za Biblia zilizoangushwa kwa tarumbeta.

Asubuhi wapelelezi wa baba hao mlangoni. Hawa wawili, ambao tangu Miami wamekuwa wakizozana, kuanzia kiti cha basi, ghafla wanaelewana bila kuambizana. Gable anamvuruga nywele na kuanza kumfokea kama mume aliyechoka. Binti wa tajiri anamjibu kwa sauti ya mtoto wa fundi bomba, kisha anaangua kilio. Wapelelezi wanaondoka kwa haya, huku mwenye nyumba ya wageni akiwasuta: si niliwaambia hawa ni mke na mume, watu wazuri tu!

Hapo husimamisha filamu nicheke vizuri. Cheti cha ndoa hakuna aliyekiuliza, kelele zimetosha.

Wamarekani huziita filamu za vichekesho za aina hii screwball, jina la mpira wa besiboli unaopinda upande usioutarajia. Wengi husifu kasi ya maneno. Katika His Girl Friday ya 1940 watu hukatana kauli mwanzo mpaka mwisho, na mimi, nisamehewe, huchoka. Napenda zaidi pale mtu anapodanganya na uongo wake ukamfichua.

Capra mwenyewe hakukisahau kile kichekesho. Mwishoni wamekwishaoana kweli, wako kwenye nyumba nyingine ya wageni, wameagiza kamba, blanketi na tarumbeta ya kitoto. Sisi tumeachwa nje pamoja na wenye nyumba hiyo, mume na mkewe. Mume ameshakiona cheti kwa macho yake. Mkewe haamini kabisa kwamba wale wa ndani wameoana.