Mdogo wangu, raha ya masika haingoji bumu

Juzi usiku nilipata ujumbe wa binti wa mwaka wa kwanza, yuko chuo hapa hapa Mwanza. Kwa asiyejua lugha ya chuo, bumu ni pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, na sapu ni mtihani wa marudio. Aliandika: "Shikamoo dada. Nilisoma ulivyoeleza habari za sapu zako ndiyo nikapata ujasiri wa kukuandikia. Bumu limeisha, mvua haikatiki, chumba kinavuja, hata hamu ya kwenda darasani sina. Hivi raha ya chuo iko wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako umenikosesha usingizi, maana swali hilo nililiuliza mwenyewe masika ya mwaka juzi, nimekalia ndoo niliyoipindua katikati ya chumba kwa sababu godoro lilikuwa limelowa.

Mimi kwetu Dodoma. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, ikikata Aprili tunaagana nayo hadi Desemba huko. Sikujua kwamba Mwanza ina vuli yake na masika yake, na kwamba masika, Machi mpaka Mei, huja na radi za alfajiri zinazotikisa bati. Jina la Jiji la Miamba nililipenda tangu nyumbani. Ila hakuna aliyenieleza kwamba ukipanga chumba cha bei nafuu mlimani Mkuyuni, nyumba imeegemea jiwe, basi mvua ikinyesha maji yote ya lile jiwe yanateremkia mlangoni kwako.

Bumu la kwanza la semista ile lilikuwa laki sita: elfu kumi kwa siku, siku 60. Mtoto wa mkulima wa alizeti, laki sita mkononi kwa mara moja! Nilinunua viatu, nikasuka mara mbili ndani ya mwezi, nikala chipsi kuku kama vile nyumbani tulikuwa tunazila. Laki moja na nusu nikamkopesha rafiki yangu. Tulikuwa tunakula sahani moja, tunavaliana nguo, akasema wiki mbili tu. Wiki ya tatu nikaona picha zake WhatsApp, yuko ufukweni na sato mzima mezani, na mimi siku hiyo nimeshindia maandazi mawili na maji. Mpaka leo hajalipa. Tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Mdomoni nimeshamsamehe, moyoni bado nafika taratibu.

Mitihani ikanikuta hivyo. Madesa, yaani notsi zangu za kusomea, yameloa, kurasa zimegandana kama chapati za jana. Nikapata sapu mbili, takwimu na uchumi. Nililia mpaka mama mwenye nyumba akasikia.

Huyo mama ndiye sababu ya mimi kuandika leo. Hakunipa pole. Asubuhi yake saa kumi na mbili aligonga mlango, "Mwangaluka!", na mimi Kisukuma nilikuwa hata salamu sijui, nikajibu "nzuri." Akasema, "Mwanangu, kulala hakujawahi kumkausha mtu godoro. Vaa kandambili twende Mwaloni."

Nilikuwa nimekaa Mwanza miezi mingi bila kufika soko la samaki la Kirumba Mwaloni. Nilidhani sokoni ni mahali pa kwenda ukiwa na hela. Siku ile nilikuwa na elfu mbili, na nilirudi nimeshiba macho na mkoba una kitu. Mama alinifundisha kuchagua dagaa. Unachota kiganja kimoja, unawasogeza kwenye mwanga. Aliyekauka vizuri kwa jua anang'aa kama fedha na hajakunjana, ukimvunja analia "ka". Aliyenyeshewa akiwa kwenye kuanikwa anageuka hudhurungi, analegea, harufu yake inakukaa kooni. Masika ndiyo msimu wa kudanganywa, kwa sababu jua ni la kubahatisha na muuzaji naye hataki hasara. Basi unachagua kwa vidole, huchagui kwa maneno ya muuzaji. Tulinunua kipimo kidogo tu. Jioni akanionyesha kuwapika: toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu, wakaange kwanza kwenye sufuria kavu mpaka harufu ibadilike, ndipo vitunguu, nyanya, na ndimu mwishoni kabisa. Na ugali wa muhogo. Mdogo wangu, nilikula nikasahau kwamba kuna watu wana sato mzima.

Usiku huohuo mvua ilikata. Tukapanda juu ya jiwe la nyuma ya nyumba, bado lina uvuguvugu wa jua la mchana, mama akaniambia tazama ziwani. Kulikuwa na taa. Sikutegemea. Taa nyingi zimetapakaa majini, kana kwamba kuna mji mwingine upande wa pili. Nikauliza ule ni mji gani. Akacheka sana. Kumbe ni wavuvi wa dagaa: wanawasha taa usiku wa giza, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinawazoa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa haina kazi, kwa hiyo siku za mbalamwezi wanapumzika na dagaa wanapanda bei. Tangu siku hiyo kalenda yangu ni ziwa. Nikiona taa zinapungua usiku hadi usiku najua mwezi unakua, nanunua dagaa wangu mapema kabla hawajaadimika. Hakuna darasa lililonifundisha mahitaji na ugavi vizuri kuliko lile jiwe, na somo lenyewe ndilo nililopatia sapu!

Sasa nisikilize vizuri. Ushauri wangu ni mmoja: toka nje. Toka nje kabla hujajisikia kutoka. Unyonge wa masika unalelewa na shuka. Ukibaki ndani na simu, utaangalia raha za wenzako mpaka bando liishe, halafu utaangalia dari. Toka, hata kama ni kwenda kumsalimia muuza kahawa wa pale kona, ukae kwenye benchi lake, unywe kikombe kimoja na kashata moja, usikilize wazee wanavyobishana kuhusu mpira. Ile nayo ni raha, ihesabu.

Na usome alfajiri. Hili linatokana na hali ya hewa yenyewe. Usiku nchi kavu inapoa haraka, ziwa linabaki na joto lake, upepo wa nchi kavu unaelekea ziwani, mawingu yanajikusanya kule juu ya maji, na ndiyo maana ngurumo nyingi hapa kwetu tunazisikia usiku wa manane na alfajiri. Mwanzoni zilikuwa zinanitisha. Siku hizi nalala saa tatu, ngurumo ikiniamsha saa kumi nawasha jiko, nachemsha chai ya mchaichai, nakaa kwenye kona isiyovuja, napiga msuli. Mvua kwenye bati inafunika kila kelele, hata redio ya jirani. Mchaichai wenyewe umeota nyuma ya choo, haununuliwi. Takwimu zilizonitoa machozi nilizielewa saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha, kikombe kati ya magoti.

Siku nyingine, ukiwa na nauli kidogo, nenda ukapande kivuko cha Kamanga kama abiria wa miguu. Kama nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Usiwe na shughuli yoyote ng'ambo. Simama pembeni, jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na ufukwe, linabaki nyuma, milima ya mawe inajikusanya mpaka mji wote unaonekana mdogo, na matatizo yako yamo humo humo ndani ya huo mji mdogo. Watu wengi sasa kwenda Sengerema na Geita wanapitia daraja jipya la Kigongo na Busisi, tangu lilipofunguliwa Juni 2025, na ni kweli linaokoa muda. Lakini wewe hutafuti kuokoa muda. Unatafuta upepo.

Na jamani, pesa ya kula usiikopeshe. Nimeshasema na narudia. Rafiki wa kweli atakula na wewe dagaa, hatakuomba uuze chakula chako ili yeye akale samaki. Bumu likiingia, kabla hujaonja chochote, nunua unga, mchele, maharage, mafuta, jaza mtungi wa gesi, lipa kodi. Kinachobaki kigawe kwa wiki. Mimi naandika kwenye daftari, na daftari nalifunga kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na madesa. Mwanza mfuko wa nailoni ni sehemu ya elimu.

Nasema haya kwa sababu nimeona matokeo yake. Sapu zote mbili nilizifuta. Wiki iliyopita yametoka ya semista ya kwanza mwaka wa tatu, na kwenye kozi ya takwimu ya juu, ambayo nusu ya darasa wanaiogopa, nina B+. Nilipomwonyesha mama kwenye simu hakuelewa B+ ni nini, akauliza, "Ni nzuri?" Nikasema ni nzuri. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya kumbikumbi aliowakaanga kwa chumvi, waliotoka jana yake baada ya mvua, watoto wa uani wakawakusanya chini ya taa ya nje. Tukala kwa mikono, tumesimama mlangoni, maji ya jiwe yanapita miguuni. Sikuhamia chumba kingine. Fundi alinifundisha kuchimba mfereji mdogo pembeni, nikauchimba mwenyewe kwa jembe la kuazima, maji yanapita yanaenda zao.

Chako pia kinahitaji mfereji, nina hakika. Tutauangalia.

Jumamosi hii nataka twende wote Mwaloni, wewe, mimi na mama: mwezi bado ni mchanga, unazama mapema, kwa hiyo wavuvi wako ziwani na dagaa watakuwepo. Tukutane kituo cha daladala cha Mkuyuni saa kumi na mbili asubuhi. Njoo na kandambili, chombo chenye mfuniko na elfu tatu, usiongeze. Mama nimeshamwambia tutakuwa watatu.