Nyuzi zimejaa kabatini na bado nataka zingine

SWALI: Shikamoo anti. Naishi New York, nafuma masweta na soksi. Kila Oktoba kuna lile tamasha la kondoo na sufu kule Rhinebeck, sasa nikifika tu kwenye vibanda vya wanaotia uzi rangi kwa mkono akili inaruka, nanunua kitita kimoja kimoja cha kila rangi alafu nikirudi nyumbani havitoshi hata sweta. Mume kashaanza kununa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kutokwenda sikushauri, utateseka bure. Shida yako sio kununua, ni hiyo kimoja kimoja! Kitita cha gramu 100 cha uzi mwembamba kina kama mita 400, hiyo ni soksi pea moja basi, sweta la mtu mzima linataka zaidi ya mita 1,000. Kwahiyo chagua patani, yaani maelekezo ya sweta utakalofuma, kabla hujatoka, andika mita zinazotakiwa, na ukipata rangi chukua siku hiyohiyo vitita vyote unavyohitaji, vilivyotiwa rangi pamoja, maana ukirudi baadae rangi ya mkono haifanani. Beba keshi tu, kadi muachie huyohuyo anayenuna. Na zile za kabatini zifunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa, viwavi wa nondo wanakula sufu balaa.