Barua kwa mwanangu: kuni zako zinatoa moshi kwa sababu umeziuza mapema mno

Mwanangu mpendwa,

Huku Mafinga baridi imeshaingia, sote wazima. Umeuliza kwa nini wateja wako hapo Iringa wanarudisha kuni wakisema zinatoa moshi na hazishiki moto, na wewe uliwauzia milingoti, yaani mikaratusi, minene, iliyonyooka. Ukauliza pia kama uendelee au uache.

Kwa maelezo yako, Canter ilishusha mzigo mwanzoni mwa Machi, na kabla mwezi haujaisha ulishaanza kuuza. Hapo ndipo penye kosa. Mlingoti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mama lishe akiutia jikoni, moto unaanza kwa kuyachemsha maji yaliyo ndani ya ukuni, na maharage yake yanangoja zamu. Kuni ya kupikia inatakiwa iwe na maji asilimia 20 au pungufu. Mteja hanunui mti kwako, ananunua ukavu, maana mti mbichi anaweza kuupata popote.

Maji hayo yanakula na fedha zako. Kilo 1,000 za kuni mbichi zenye nusu maji, zikikauka kufikia asilimia 20, zinabaki kilo 625. Kwa hiyo usikubali kununua mbichi kwa kilo. Nunua kwa ujazo, uuze kavu kwa kilo au kwa fungu la uzito unaojulikana. Mzigo ukifika, upime ukiwa umepangwa: urefu mara upana mara kimo. Kisha panda juu ya gari uchungulie katikati, kwa sababu wapakiaji wana ufundi wao: pembeni wanapanga kama ukuta, katikati wanatupa ovyo, na wewe unalipia hewa. Mita moja ya ujazo ya milingoti mikavu iliyopangwa vizuri ni kama kilo 350 hadi 450. Ya paini ni nyepesi zaidi, 250 hadi 300 hivi. Miwati inazidi zote mbili na makaa yake yanadumu. Ukipata mwenye shamba la miwati, usimwache.

Gogo zima halikauki kwa maana ya biashara. Gome limelifunga, maji yanatokea kwenye ncha mbili tu, na linaweza kukaa mwaka likakudanganya kwa nje. Kata kwanza vipande vya sentimita 40, urefu unaoingia kwenye mafiga na kwenye majiko banifu mengi, kisha upasue vipande vya unene wa kifundo cha mkono. Mlingoti upasuliwe ungali mbichi, ndani ya wiki mbili za kukatwa. Ukiuacha ukauke, nyuzi zake zilizosokotana zinakaza, na utalipa kibarua siku mbili kwa kazi ya siku moja. Gogo la kupasulia liwe kimo cha goti. Kipande kinene usikipige katikati. Anzia pembeni, banzi baada ya banzi, na chenye fundo kitie kabari mbili za chuma na nyundo nzito. Anayepasua avae buti na miwani, hata akikucheka.

Kupanga ndiko kunakokausha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Laza miti miwili sambamba chini, kuni zikae sentimita 15 juu ya udongo. Kuni zinazogusa ardhi ni chakula cha mchwa. Miti hiyo ya chini unaweza kuipaka oili chafu, lakini oili isiguse kuni zenyewe, moshi wake utaingia kwenye chakula cha watu. Panga safu ya upana wa ukuni mmoja tu. Ukipanga safu mbili zilizobanana, za ndani zitaota ukungu. Acha sentimita 40 kati ya safu na safu, na upande mrefu uuelekeze upepo unakotokea. Acha mita nzima kutoka ukuta wa nyumba, vinginevyo mchwa watatoka kwenye kuni waingie kwenye kenchi. Kimo kisizidi mita 1.2, kwa sababu watoto watapanda tu, hata ukiwakataza.

Juu funika kwa bati lililoinama, pembeni uache wazi. Najua umefunika rundo lote kwa turubai mpaka chini ukidhani unalikinga. Turubai hilo linafungia unyevu ndani, na asubuhi ukilifunua utaona matone upande wa chini yake.

Milingoti iliyopasuliwa na kupangwa hivi mwezi wa Mei au Juni, mvua zikiwa zimekatika, ipe miezi mitatu. Iliyopangwa Januari isubiri mpaka kiangazi kiingie. Usitegemee kalenda peke yake. Chagua vipande vitatu katikati ya safu, vitie alama kwa chaki, uvipime kila Jumamosi kwenye mizani ya jikoni na kuandika. Wiki tatu mfululizo vikikaa uzito uleule, safu hiyo imeiva. Nyufa kwenye ncha si ushahidi wa kutosha, maana ncha hukauka kabla ya kiini. Ukigonga viwili vikalia kama mbao, vizuri. Vikitoa sauti ya kufa, rudisha.

Uwanja wako wa mita 12 kwa 8 unatosha. Safu ya mita 6, kimo 1.2, inabeba karibu mita 3 za ujazo. Safu nane zinaenea na njia ya toroli inabaki. Nusu iwe inakauka, nusu inauzwa, na usiuze ya upande wa kwanza hata mteja akibembeleza. Mzigo mkubwa ununue kati ya Juni na Agosti, ili masika yakikukuta uwe na kuni kavu chini ya bati wakati wengine wanauza zinazolia jikoni. Hapo ndipo bei inapokuwa upande wako.

Sasa faida. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme mita 4 za ujazo, ukijumlisha ununuzi, gari, ushuru, kushusha na kupasua, zimekugharimu shilingi 240,000. Zikikauka ni kama kilo 1,600. Toa sehemu ya kumi ya magome, vumbi na zilizoliwa, unabaki na 1,440, yaani mafungu 288 ya kilo 5. Kila fungu limekugharimu shilingi 833. Ukiliuza 1,000 unapata 48,000 baada ya kungoja miezi mitatu, na hapo hujajilipa. Kwa 1,200 unapata 105,600. Ndiyo maana mkopo wa riba ya kila mwezi haufai kwa kuni. Na mizani ya kuuzia iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Mabanzi ya paini kutoka viwanda vya mbao ni rahisi na yanakauka upesi, lakini utomvu wake unatoa masizi meusi. Wauzie wachoma matofali, au yachane vijiti vya kuwashia. Vipande vya nguzo za umeme vilivyotiwa dawa, vile vyenye rangi ya kijani, usivipokee hata bure. Dawa ile ina aseniki, na inabaki kwenye moshi na kwenye majivu. Mbao zilizopakwa rangi nazo usizichanganye.

Nunua miti ya kupandwa kwenye shamba la mtu, uwe na barua ya kijiji. Mzigo wa gari usafiri na TP, yaani kibali cha kusafirishia, kutoka TFS, wakala wa serikali wa misitu. Leseni ya biashara usiicheleweshe.

Kuhusu ile shule uliyotaka kuingia nayo mkataba, mimi nisingeingia. Serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Jenga biashara kwa mama lishe, wachoma nyama na wenye misiba na harusi, na usiweke mtaji kana kwamba utauza hivi miaka 20.

Kwa hiyo endelea, ila uache kuuza kwa muda. Toa turubai leo. Zilizobaki pasua upya zilizo nene, zipange kama nilivyoeleza, na wale waliorudisha uwaambie waje mwezi wa nane, kila mmoja apate fungu moja kavu bila malipo.

Mama yako