Kunakili SACD: achana na draivu ya kompyuta

Ndugu, umeuliza ununue draivu gani ya kompyuta ili uhifadhi SACD zako, zile diski za muziki zinazofanana na CD lakini zenye sauti ya ubora wa juu zaidi. Usinunue yoyote. Draivu hizo hazisomi tabaka la DSD, yaani sehemu ya diski yenye sauti hiyo ya ubora wa juu. Ukiweka diski ya matabaka mawili, la CD na la DSD, utapata muziki wa CD tu, wa biti 16, na utadhani umemaliza kazi.

Tafuta deki ya Blu-ray iliyotumika, kama Oppo BDP-103 au Pioneer BDP-160. Unachomeka flashi yenye folda ya AutoScript, yenye maagizo ya kuifanya deki itoe data ya diski, kisha programu ya sacd_extract kwenye kompyuta inavuta data kupitia mtandao wa nyumbani. Kwanza zima mpangilio wa diski kujicheza yenyewe.

Toa ISO, yaani faili moja yenye tabaka lote la DSD, kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo ndiyo nakala kamili, stereo na chaneli nyingi pamoja, na faili za kusikiliza utazitoa humo wakati wowote. Kwa faili hizo za kusikiliza, mimi huchagua aina ya DSF badala ya DFF, kwa kuwa hubeba vizuri jina la wimbo na la msanii.

Deki hizi zimezeeka, lenzi huchoka. Muuzaji akikataa uijaribu kwa SACD yako mwenyewe, usimpe pesa.