Maswali ya Wasomaji: Chumba cha Betri za Sola Kipumue, Hata Msimu wa Baridi

SWALI: Shikamooni. Shuleni kwetu tuna betri 4 za maji, kila moja volti 12 na Ah 200 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa), zimeungwa kuwa volti 24, na chaji kontrola (kidhibiti cha chaji) ya ampea 40. Zinakaa stoo. Kwa baridi ya Juni na Julai tumeziba matundu ya juu kwa magunia ili betri zisipoe. Fundi mmoja anasema tuzibue, mwingine anasema hakuna shida. Tumsikilize nani? (Mwalimu, Makete)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Msikilizeni wa kwanza, na magunia yatoke kesho asubuhi kabla paneli hazijapata jua.

Betri ya maji ikikaribia kujaa, sehemu ya umeme unaoendelea kuingia huyapasua maji yaliyomo kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ikifikia asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche ya swichi inatosha kuilipua, na kinachoruka hapo ni vipande vya plastiki pamoja na asidi.

Hesabu ya mfumo wenu ni hii. Mwishoni mwa chaji, kadiria milliampea 20 kwa kila Ah zinaishia kwenye gesi. Ninyi mna jozi mbili sambamba, kila jozi Ah 200, yaani Ah 400, kwa hiyo ni ampea 8. Kila ampea, katika kila seli (chumba kimoja cha betri; betri ya volti 12 ina 6), hutoa kama lita 0.45 za haidrojeni kwa saa. Kwa seli 12 mfululizo mnapata lita 43 hivi kila saa. Kabati la mita 1 ya ujazo lisilo na pa kupumulia hufika asilimia 4 ndani ya saa moja tu. Stoo ni kubwa kuliko kabati, lakini haidrojeni ni nyepesi sana na hukimbilia juu, kwa hiyo hatari huanzia pale pale mlipoziba.

Ili gesi ibaki chini ya asilimia 1 mnahitaji hewa mita za ujazo 4.8 kwa saa. Hewa hiyo hupita yenyewe bila feni mkiwa na tundu la sentimita za mraba 134 chini na jingine kama hilo juu. Tengenezeni la sentimita 15 kwa 15 kila upande, maana wavu nao hula nafasi. La chini liwe karibu na sakafu, la juu ligusane na dari, kuta zikitazamana. Kama ukuta ni mmoja, yaachane angalau mita 2.

Mkipenda bomba badala ya tundu la juu, la PVC la inchi 4 lina sentimita za mraba kama 78, kwa hiyo yawe mawili. Yaanzie usawa wa dari, yapande moja kwa moja bila kulala wala kubonyea, yatokee nje juu ya bati na yavishwe kofia ya mvua. Msiyaishize darini! Gesi itajikusanya kati ya dari na bati, mahali ambapo nyaya za taa ndiko zinakopita. Kagueni mdomo wa bomba kila mwezi, maana nyigu hupenda kujenga humo kwa udongo.

Baridi nayo ni kweli hupunguza uwezo wa betri, ila dawa yake ni nyingine. Zipandisheni juu ya chaga za mbao, zizungusheni bodi za povu gumu ubavuni na chini, sehemu ya juu ibaki wazi. Jiko la mkaa lisiingie humo hata kwa dakika moja.

Kuna kosa jingine linalohusu baridi. Kwa nyuzi 10, mfumo wa volti 24 ambao kwa kawaida huchajiwa kwa 28.8 unahitaji kama volti 29.6. Fundi huipandisha kwa mkono mwezi Juni, halafu Oktoba joto linarudi na hakuna anayeishusha. Betri zinachemka kila mchana. Fungeni waya wa kihisi joto kwenye ubavu wa betri, kontrola ijirekebishe yenyewe. Angalieni pia maji mnayoongeza: lita 1 iliyopotea kwa gesi imetoa zaidi ya lita 1,200 za haidrojeni.

SWALI: Inveta yangu imekaa juu ya boksi la betri ili kubana nafasi. Kuna ubaya? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Upo. Rilei zake (swichi za ndani zinazojiendesha) hutoa cheche, na mvuke wa asidi hula sakiti. Ihamishie ukuta wa pembeni, nje ya boksi, mbali na tundu la juu.

SWALI: Nina betri kavu (zilizofungwa, zisizoongezwa maji) mbili za Ah 100, volti 12, zimeungwa sambamba. Fundi kasema hazihitaji tundu. (Mfanyabiashara, Mafinga)

JIBU: Zinahitaji dogo. Kwa chaji sahihi gesi hurudi kuwa maji humo humo ndani, lakini kontrola ikiwekwa kwenye mpangilio wa betri za maji, vali hufunguka na maji yaliyotoka hayarudishiki. Bomba la inchi 2 chini na jingine juu linatosha.

SWALI: Chumba cha betri kinanuka mayai viza. Nianzie wapi? (Msomaji, Uyole)

JIBU: Zima kila moto, fungua milango na madirisha, kisha utoke, harufu hiyo ni gesi yenye sumu, na ni dalili kwamba betri imechajiwa kupita kiasi. Usilegeze nati ya betri wala kuwasha taa ya humo. Zima swichi ya paneli ikiwa iko nje. Ikiwa iko ndani, funika paneli kwa turubai zito.

Harufu ikiisha kabisa, vaa miwani na glavu, upime volti ya kila betri. Iliyo moto na yenye volti ndogo kuliko wenzake huenda ina seli iliyokufa. Betri ya volti 12 ikibaki na seli 5 huku kontrola ikiisukumia 14.4, kila seli nzima hubeba karibu 2.9 badala ya 2.4, nazo huchemka. Zima mizigo, fungua kwanza waya wa hasi, uitoe betri hiyo. Usirudishe paneli kabla haijapatikana nyingine ya aina na ukubwa ule ule.