Maji kutakata si ushahidi kwamba chaza wameshiba

Mwenzetu ameuliza kwa nini chaza wake wanachuja maji kutwa kucha, chakula tele, lakini akiwafungua nyama ni utando tu. Wengi mmemwambia aongeze mwani, ule mdogo usioonekana kwa macho unaoelea majini. Asubiri kwanza, maana kosa hilo nimelifanya mimi.

Nilikuwa nafuga kome kwenye tangi. Kila maji yakitakata nilimimina mwani mwingine, nikidhani wamemaliza. Baada ya siku chache sakafu ikajaa mabonge laini ya kijani, nikaandika daftarini "kinyesi". Usiku mmoja nikakaa na tochi, nikaona mabonge yale yakitemwa upande uleule maji yanakoingilia. Kinyesi halisi hutokea upande wa pili, maji yanakotokea, nacho kimeshikamana kama uzi. Nilichokuwa nacho mimi ni chakula kilichokamatwa, kikafungwa kwa ute, kikatupwa bila kupita tumboni. Wataalamu hukiita kinyesi bandia.

Kwa hiyo kuchuja si kula. Matamvua ya kome hunasa karibu kila punje inayozidi mikroni 4 (elfu nne za milimita), iwe mwani au tope. Uchambuzi unafuata, mwingi wake kwenye vile vibapa vilivyo kando ya mdomo, na kinachozidi uwezo wa tumbo kinarudishwa nje. Ute wenyewe unagharimu nishati. Ndiyo maana maji yanaweza kung'aa huku mnyama akikonda.

Hata kilichomezwa si chote chake. Toa kinyesi, toa kinachotumika kupumua na kusaga chakula, toa amonia anayoitoa. Salio ndilo nyama na mayai. Tena tumbo likijazwa kwa pupa, chakula hupita upesi na sehemu inayofyonzwa hupungua. (Macoma, jamii ya kombe wanaojichimbia topeni, ina ujanja wake: maji yakikosa mwani, hunyoosha mrija na kufyonza juu ya tope. Chaza hana mrija huo.)

Mimi nilipunguza mwani nusu, nikaudondosha kidogo kidogo mchana kutwa. Mabonge yakakoma, kome wakaanza kunenepa.

Wewe mwenye swali, chuja lita chache za maji yako, kausha masalia, pima, yachome kwenye tanuri la nyuzi 450 za Selsiasi, pima tena. Kilichopotea ndicho kilichotokana na viumbe hai. Kama kilichobaki ni majivu mengi, unawalisha tope. Na utuambie mabonge yako yanatokea upande gani.