Kabla Hujalipa Gudwili Katikati ya Nakuru, Hesabu Miguu ya Watu

Jumanne usiku nilikuwa nafunga mafungu ya mwisho ya sweta, ujumbe ukaingia kwenye simu. Ni wa dada mmoja anayenisoma. "Mama, hujambo. Nimepata stoli kwenye jengo jipya pale mjini, karibu na Kenyatta Avenue. Wanataka gudwili ya laki tatu unusu na kodi ya miezi mitatu. Nauza nguo za watoto kwa simu tu, na nimechoka kuambiwa sina duka. Nataka mlango wangu. Nichukue?"

Nilidhani ningemjibu kwa mistari miwili. Saa sita za usiku nilikuwa bado naandika, kwa sababu pesa hizo za gudwili, zile unazolipa ili upewe nafasi tu, mbali na kodi, nazijua kwa sura. Zangu zilikuwa laki nne. Basi jibu lake nimelileta hapa, maana najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mnalala mkiota jina lenu likiwa juu ya mlango katikati ya mji. Na mimi niliota hivyo.

Duka langu la sare za shule nililifungua mwaka 2009, kwenye barabara ya pembeni, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue, kwenye njia ya watu wanaotoka steji. Chumba kilikuwa chini, mlango ukitazama barabara. Nilikuwa na cherehani mbili na rafu za mbao alizonipigia shemeji yangu. Wazazi walishuka matatu za Molo, Njoro, Subukia na Bahati, na kabla hawajafika popote walikuwa wameshapita kwangu. Januari nilikuwa silali. Mzazi anaingia na karatasi ya shule mkononi: sweta mbili, suruali mbili, mashati matatu, tai, bleza. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza aliniletea pesa nyingi kuliko watoto watano wa shule ya msingi. Biashara ile ilisomesha wanangu wawili mpaka chuo, na hilo nalisema nikiwa nimeinua kichwa.

Mbele ya mlango wangu, pale watu wanapopita kwa miguu, walikaa wachuuzi. Mama mmoja aliuza soksi na leso. Kijana mmoja aliuza mikanda na viatu vyeusi vya mtumba, na mwingine ndoo, sahani na vikombe vya watoto wa bweni. Niliwachukia. Niliona wananizibia kioo, wanachafua, wanakula wateja wangu bila kulipa kodi ninayolipa mimi. Nakuru ilipopewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, jiji la nne Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, mimi nilikuwa miongoni mwa wenye maduka waliosema sasa mji usafishwe. Barua ya malalamiko ilipozungushwa nilitia sahihi. Niliitia kwa kalamu yangu mwenyewe.

Wachuuzi wa mtaa wetu waliondolewa. Njia ikawa nyeupe. Nilisugua kizingiti changu kwa sabuni nikasema, haya, sasa tumekuwa jiji.

Msimu uliofuata mauzo yangu yalishuka karibu theluthi. Nililaumu bei ya uzi, nikalaumu karo, nikalaumu hata fundi wangu. Ni mteja wangu mmoja wa miaka mingi, mama wa Elburgon, aliyenifungua macho. Alipita kunisalimia akiwa na mfuko wa sweta za kwingine. "Usinikasirikie," akasema. "Soksi na viatu siku hizi nanunua kule walikohamia wachuuzi, na nikishakuwa kule nanunua na sweta. Nirudi huku kufanya nini?"

Nilikaa chini. Wale watu niliodhani wananiibia wateja ndio waliokuwa wakinisimamishia wateja. Mzazi alisimama kwa sababu ya soksi za shilingi hamsini, akainua macho, akaiona sweta. Bila soksi hakuwa na sababu ya kusimama. Yule mama wa soksi nilimtafuta soko la Wakulima, nikamtafuta na soko la Top Market, nimwombe msamaha. Sikumpata, na hilo bado linaniuma.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kodi ya mjini hulipii kuta wala vigae. Unalipia njia ya watu. Majengo yanapobomolewa, steji inapohamishwa au wachuuzi wanapoondolewa, njia inahama, na kodi inabaki pale pale.

Mwaka 2022 jengo likauzwa. Mwenye jengo wa zamani alikuwa mzee muungwana. Kodi nilimtumia kwa M-Pesa kila tarehe tano na hatukuwahi kuandikiana hata mstari mmoja. Asubuhi moja nikakuta karatasi imesukumwa chini ya mlango: siku 30, mwondoke, jengo linakarabatiwa. Haikuwa na jina langu. Iliandikwa "Kwa mpangaji". Nilikuwa nimefagia ule mlango miaka 13.

Nilifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: nililia, nikafunga mizigo. Sikujua nina haki, na hakuna aliyenishika mkono akaniambia. Kwa hiyo mimi nakushika wewe. Kenya ina sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za chakula, Sura ya 301. Ikiwa mmepangishana kwa mdomo tu, au mkataba wenu wa maandishi hauzidi miaka mitano, sheria hiyo inakulinda. Mwenye jengo hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi kwa karatasi yoyote anayojiandikia. Lazima akupe notisi kwa fomu rasmi, aeleze sababu, na muda usipungue miezi miwili. Wewe una mwezi mmoja wa kujibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali. Usipokubali, peleka kesi kwenye baraza la serikali linaloamua mambo ya kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika, na notisi hiyo haifanyi kazi mpaka baraza liamue. Ukarabati ni sababu inayokubalika kisheria, sikatai. Lakini siku 30 chini ya mlango si notisi. Wakili mmoja aliniambia haya nikiwa nimeshahama zamani, akaongeza kuwa jumbe zangu za M-Pesa zilitosha kuonyesha kwamba mimi ni mpangaji. Nilirudi nyumbani siku hiyo bila kusema na mtu.

Na ukipewa mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu, usidhani ile miezi mitatu ni zawadi. Imewekwa ili mkataba uvuke miaka mitano, utoke kwenye ulinzi wa sheria hiyo. Mkataba wa namna hiyo unaweza kuusaini, lakini soma kila kifungu, maana hapo kinachokulinda ni kilichoandikwa humo ndani tu.

Miezi ya ukarabati sitaisimulia. Niliuzia sebuleni na kulipa madeni. Jengo lilipofunguliwa, chumba changu na vingine vitatu vilikuwa vimekatwa kuwa stoli 18. Kuta za vioo, taa nyeupe, vigae vinavyong'aa. Wakala akanipigia: "Mama, wewe ni wa nyumbani, tumekuwekea nafasi." Neno hilo "wa nyumbani" ndilo lililoniponza. Nililisikia kama heshima niliyonyimwa siku ya karatasi, nikataka kurudi pale wanione. Nafasi za chini zilikuwa zimeshachukuliwa na wauza simu na vipodozi. Yangu ilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ujia. Gudwili laki nne. Nilikopa kwenye chama chetu cha akiba, dada watatu wakanidhamini. Kodi nilipewa risiti. Gudwili sikupewa chochote, nikaambiwa ndivyo mji ulivyo.

Mzazi aliyebeba sanduku la bati la mtoto wa bweni hapandi ngazi. Ningekaa siku moja tu mkabala na jengo lile ningeliona hilo bure. Wasichana walipanda kusuka na kubandika kucha, vijana walipanda kutengeneza simu, na wote walinipita wakiangalia mbele. Wazazi wangu walibaki chini barabarani. Wachache walinipigia, nikawa nashuka na sweta mkononi kama ninayewapelekea chakula.

Halafu ikaja Januari 2025. Wa biashara ya sare mnaijua. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023, wale watoto wakaingia kidato cha kwanza 2024. Waliowafuata walikuwa wa mtaala mpya, na 2025 walikuwa Gredi ya 9, wangali katika shule zile zile walizokuwa. Kwa hiyo mwaka ule hakuna mtoto hata mmoja aliyeingia kidato cha kwanza Kenya nzima. Jambo hilo lilitangazwa mapema na mimi nililisikia kwenye redio kama kila mtu. Lakini nilikuwa nimejaza stoli bleza kwa mkopo, kwa sababu moyo ulikataa kuamini kwamba Januari inaweza kuja mikono mitupu.

Machi 2025 nilitoka. Nilipojaribu kumuuzia mwenzangu nafasi ili nirudishe japo nusu ya gudwili, nikaambiwa nafasi ni ya jengo, mpangaji mpya atalilipa jengo. Laki nne zilikwenda hivyo. Wale dada watatu nilimaliza kuwalipa mwezi huu wa kwanza.

Nilijikumbusha kwamba mji huu ndio uliozaa Nakumatt. Jina lenyewe lilitokana na magodoro ya Nakuru. Ikasambaa Kenya nzima, ikavuka hadi Uganda, Tanzania na Rwanda, na mwaka 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Ikiwa mti mkubwa namna ile ulianguka, mimi kuanguka si laana. Ndugu yangu uliyeanguka, nawe jiambie hivyo, kisha uinuke uoge uso.

Nilikwenda Pipeline, mtaa ulio nje ya katikati ya mji. Sikuwa na pesa, na labda ndiyo sababu safari hii nilitumia akili. Kabla ya kulipa chochote nilibeba kigoda na daftari, nikakaa njia panda asubuhi tatu na jioni tatu. Nilichora mstari kwa kila mtu aliyepita kwa miguu, na duara kwa kila mwenye mtoto wa shule. Watu walinidhania wa sensa. Upande mmoja wa barabara ulikuwa na miduara mara mbili ya upande wa pili, kwa sababu hapo ndipo matatu huteremsha watu na ndipo kivuli kilipo. Chumba cha upande huo kilikuwa kibovu, bati linavuja. Nikakichukua, chini, mlango barabarani, mkataba kwenye karatasi, hakuna gudwili.

Jambo la pili nililofanya ni kumwita dada mmoja aliyekuwa akitembeza soksi na leso kwenye kapu. Nikamwambia weka meza yako hapa mbele ya mlango wangu, sitaki shilingi yako.

Na jambo la tatu, nilitoa lile daftari langu la madeni la tangu mjini. Lilikuwa na namba za wazazi zaidi ya mia nne. Nikawaandikia mmoja mmoja nilipo.

Januari hii ya 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia shule za upili. Sare mpya kuanzia shingoni hadi miguuni, kwa watoto ambao nchi nzima ilikuwa imewasubiri. Nimetoka cherehani mbili hadi sita. Tumeshona mpaka saa nane za usiku wiki mbili mfululizo, na yule mama wa Elburgon amepanda matatu mpaka mjini, akachukua tuktuk, akafika kwangu. Soksi alinunua pale mlangoni. Nilisimama nikamtazama akizichagua, nikashindwa kusema.

Kwa hiyo dada yangu, na ninyi wengine wote, hesabu miguu. Usihesabu vigae, wala usihesabu marafiki watakaokuja siku ya ufunguzi kupiga picha. Hesabu miguu inayopanda ngazi hadi ghorofa unayopewa, na utazame mikono yao imebeba nini. Uliza wale wachuuzi wa nje wataruhusiwa kukaa mpaka lini. Uliza steji itabaki pale. Gudwili ikidaiwa, iandikwe kwenye mkataba kiasi chake, na iandikwe kama unaweza kumuuzia mwingine ukitoka. Wakikataa kuandika, ondoka na pesa zako. Wa Eldoret, mji wenu ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, kwa hiyo wakala wa "wa nyumbani" yuko njiani, kama hajafika. Mwulizeni hayo hayo. Na kabla ya kumwuliza, hesabuni miguu.

Yule dada amenijibu asubuhi hii. Anasema wakala amempa mpaka Jumatatu alipe, la sivyo nafasi inakwenda kwa mtu mwingine. Nimemwambia Jumamosi nakuja mjini kununua uzi. Saa moja asubuhi tukutane mkabala na hilo jengo. Aje na daftari, vigoda viwili nitabeba mimi.